Nyumba ya Kati kwa Masajini Wanne

Katika mtaa wa Oli, hapa Arua, kuna nyumba ambayo familia mbili zinasema zilifukia vyombo vyao chini ya sakafu yake kabla ya kukimbia vita: chumba kimoja, kona moja, majuma yale yale. Hakuna familia iliyoiona nyingine. Nimekaa na pande zote mbili kwenye baraza la nyumba hiyo, mwaka baada ya mwaka, nikiuliza swali lile lile kwa njia tofauti, na sijamkamata yeyote akidanganya.

Nawaandikia ninyi mnaoongoza matembezi ya sikukuu siku hizi. Mmoja wenu alinijia Desemba iliyopita akaniuliza, "Mama Candiru, tukifika kwa Hajjat tuwaambie wageni nini?" Nilimwomba anipe muda. Muda amenipa, jibu sina. Ninachoweza ni kuwapa habari yenyewe ilivyo, pamoja na machache ya kazi, ili mkisimama mbele ya mlango ule mjue mmesimama mbele ya nini.

Matembezi yetu hayakuanza kama kazi. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya watoto wa Arua hurudi kutoka Kampala, Juba na kwingine. Wanakula, wanalala, kisha wanaanza kugombana na ndugu zao. Mzee Draku, fundi wa rangi, ndiye aliyesema tuwatoe nje tuwaonyeshe nyumba za zamani kabla hawajavunjana. Yeye alikuwa amepaka karibu kila nyumba ya zamani mjini. Alikuwa akikwangua ukuta kwa ukucha wa kidole gumba na kusoma rangi moja chini ya nyingine: kijani cha serikali, chini yake njano ya Mhindi, chini yake chokaa. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni. Aliniita kwa sababu nilijua Kilugbara, Kiingereza, Kiswahili na Kikakwa cha kusalimia, na kwa sababu, kama alivyosema mbele ya watu, "huyu mama anauliza maswali mpaka ukuta unaomba radhi."

Njia yetu ilikuwa moja. Tulianzia kilimani kwenye nyumba za maofisa wa zamani zenye baraza pana, tukashuka kwenye maduka ya Wahindi yenye milango ya mbao ya kukunja, tukamalizia Oli, ambako Wanubi na watu wa jeshi walijenga zamani na ambako chai ni nzuri kuliko kilimani.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimama mbele ya nyumba moja ya kilimani nikawaambia wageni kwamba ofisa fulani wa kikoloni aliishi pale, nikaeleza farasi wake na bustani yake. Nesi mmoja mstaafu alikuwa amekaa barazani akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo mzungu alikaa hapa muda gani?" Nikasema, labda miaka miwili. "Mimi nimelea watoto wangu wote hapa. Kwa nini unaeleza yule aliyepita, na mimi niliyebaki unaniruka kama jiwe?" Wageni wakacheka. Tangu siku hiyo nilianza na aliye ndani ya nyumba, halafu nikarudi nyuma.

Mzee Draku alinifundisha mambo ambayo hakuna anayeyaandika. Usieleze nyumba ukiwa umeipa mgongo, kwani mwenyewe atadhani unaiuza. Mlango ulio wazi haujakukaribisha. Subiri mtu aseme karibu. Sukari na sabuni ya zawadi zitolewe mwanzo, zikitolewa mwisho zinaonekana kama malipo ya maneno. Na ujue choo kiko wapi kabla hujajua historia. Hili la mwisho nililipuuza. Kila nyumba ya Oli ilitupa chai ya tangawizi, na wageni wa Kampala hawawezi kukataa kikombe. Mwaka mmoja mahali palipotembelewa na watu wengi kuliko pote, kwa foleni, palikuwa choo cha nyuma ya duka moja la zamani la Mhindi. Mwenye duka aliniuliza kama na hicho nitakieleza.

Mbinu zilibadilika. Tulianza kwa kupaza sauti. Kisha tukapewa kipaza sauti cha mkononi, kikawa kinafurahisha watoto na kuudhi msikiti. Sasa mnazo simu, na simu zina ramani, na ramani inaweka alama ya "nyumba ya kihistoria" juu ya banda la kuku la jirani. Siwalaumu. Nasema tu kwamba mgeni mwenye simu anapiga picha kwanza na kuuliza baadaye, na wengi hawafiki kwenye kuuliza.

Sasa nyumba yenyewe.

Chini kuelekea mto Oli kuna mahali panapoitwa Kwa Masajini Wanne. Zamani fundi mmoja kutoka Kongo alijenga pale nyumba kwa mstari, zote sawa: matao matatu mbele, chumba cha mbele chenye sakafu ya saruji nyekundu, chumba cha ndani cha udongo uliosiribwa. Waliokaa humo walikuwa masajini wa jeshi. Leo nyumba zilizosimama ni tatu. Ya upande wa barabara ni duka la misumari na saruji la bwana mmoja, Andama. Ya upande wa mto ni madrasa. Ya kati ni ya Hajjat Zaitun.

Hajjat ni mjane, mama wa Kinubi, na kuta zake zimejaa tabaga, vile vifuniko vya ukili vya rangi ambavyo mama zetu wanafunikia chakula. Wageni wanapenda tabaga. Walipokuwa wakizishika, yeye alikuwa akieleza jinsi alivyoingia nyumba ile akiwa bi harusi, na jinsi vita vilipokaribia yeye na mumewe walivyochimba chumba cha ndani, kona ya dirisha chini ya kitanda, wakafukia sufuria, masinia na kinu, wakasiriba upya, wakakimbilia Kongo kupitia Vurra. Waliporudi baada ya miaka, bati lilikuwa limeng'olewa, milango haipo, majani yamefika kiunoni ndani ya chumba, na kona ile ilikuwa shimo. Hilo lilikuwa la kawaida. Waliobaki mjini walipita na vyuma vyembamba wakichoma sakafu za watu, na chuma kikigonga sufuria, wanachimba. Hajjat na mumewe waliezeka upya, wakazaa, mume akafa. Ilikuwa habari nzuri ya kumalizia matembezi. Niliieleza mara nyingi sana.

Kisha akaja Mzee Taban.

Alikuja kama mgeni tu, kutoka Koboko, ameletwa na mpwa wake mwenye malori yanayovuka mpaka pale Vurra. Mpwa alitaka kumfurahisha mjomba wakati wa sikukuu. Tulipofika kwenye matao, mzee alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. Nilidhani ni jua.

"Mama," akaniambia, "hii nyumba iko yetu."

Nilimuuliza anamaanisha nini. Akasema baba yake alikuwa sajini, akapewa nyumba hii. Yeye Taban alikuwa akisoma Koboko kwa bibi yake, akaja Arua likizo moja tu, likizo ya mwisho kabla ya vita. Mama yake alikuwa na cherehani. Walichimba chumba cha ndani, kona ya dirisha, chini ya kitanda, wakaifukia ikiwa imefungwa kwenye mkeka, wakakimbilia Sudani. Baba alifia huko. Mama alirudi Koboko na hakutaka kamwe kusikia jina Oli, na kwa heshima yake yeye Taban hakuwahi kushuka mtaa huu mpaka mama huyo alipokufa.

Hajjat alikuwa mlangoni na sinia la vikombe.

"Kona gani?" akauliza.

Taban akaonyesha kwa kidole, kupitia ukuta, bila kuingia. Ilikuwa ile ile.

Hapo nilifanya jambo ambalo kila mwongozaji angefanya, na nawaonya. Nikitaka kuwatendea wote haki, niliwageukia wageni nikasema, "Basi mnaona, nyumba hii ilikuwa pia ya kina Mzee Taban." Nilisema "pia". Lakini neno la mwongozaji likitoka barazani, "pia" inabaki njiani. Jua halijazama, sokoni ilishasemwa kwamba Mama Candiru ametangaza nyumba ya Hajjat ni ya watu wa Koboko. Kesho yake mpwa alikuwa kwa mwenyekiti wa mtaa, anataka kiwanja. "Hata mwongozaji wenu amesema mbele ya watu," alimwambia.

Mwenyekiti aliitisha kikao katika ua wa Hajjat. Niliitwa kama shahidi, nikakaa kwenye kigoda katikati, nikitazamwa na wote kama aliyeleta mvua na kusahau kuleta jua.

Mpwa alianza kwa Kiingereza kirefu. Mjomba wake akamkata.

"Wewe nyamaza kidogo. Mimi hapana taka kufukuza huyu mama. Mimi nataka watu najua kwamba baba yangu alikaa hapa. Basi."

"Unaona?" Hajjat akamwambia mwenyekiti. "Leo anataka watu najua. Kesho anataka kulala. Keshokutwa anataka mimi napika."

"Wewe ukipika kama chai yako, nitakuja keshokutwa."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akaona nafasi. Akamuuliza Taban nyumba yao ilikuwa ya ngapi.

"Ya pili."

"Uongo!" Hajjat akasimama. "Ya pili iko yetu!"

"Ya pili kutoka wapi?" nikauliza. Sikupewa nafasi ya kusema, lakini niliuliza.

Hajjat alihesabu kutoka barabarani, kwa sababu aliingia akitokea barabarani, amefunikwa shela, akahesabu milango kwa kutazama chini miguu ya waliomtangulia. Taban alihesabu kutoka mtoni, kwa sababu likizo ile yote aliimaliza mtoni. Basi mwenyekiti akauliza nyumba zilikuwa ngapi. Wote wawili wakajibu kwa pamoja, nne. Hata jina la mahali linasema nne.

Sasa fuateni vizuri, maana mimi mwenyewe ilibidi niweke vibiriti chini. Nyumba zilikuwa nne, zimebaki tatu, kwa hiyo moja ya mwisho wa mstari ilianguka wakati watu wakiwa uhamishoni. Kama iliyoanguka ni ya upande wa mto, basi hii ya kati ndiyo ya pili kutoka barabarani, ni ya Hajjat, na kwa Taban ni pale penye madrasa. Kama iliyoanguka ni ya upande wa barabara, basi hii ya kati ni ya Taban, na Hajjat ameishi maisha yake yote katika nyumba ya mwingine, na nyumba yake halisi ni duka la Andama.

"Ya mto ndiyo ilianguka," akasema Hajjat. "Mto inakula."

"Ya barabara," akasema Taban. "Barabara ilipanuliwa."

"Uliona?"

"Wewe uliona?"

Hakuna aliyeona. Na jambo la kushangaza zaidi: kama zilikuwa nne, hawa wawili walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Nikawauliza kama wanakumbukana. Hapana. Lakini Hajjat alikuwa bi harusi wa ndani. Wanubi wanajua: bi harusi hatoki, haonekani, analetewa maji na chakula, anapakwa manukato. Vita vilikuja kabla siku zake za ndani hazijaisha. Alitoka mle mara moja tu, kukimbia. Na Taban alikuwa mtoto wa likizo moja. Mumewe Hajjat amekufa, wazazi wa Taban wamekufa. Walio hai ni wale wawili walioona kidogo kuliko wote.

Andama, mwenye duka, alikuwa amekuja kikaoni akitafuna karanga na kucheka kila mtu. Aliposikia duka lake likitajwa, akaacha kutafuna. Mwalimu wa madrasa akaanza kutazama kofia yake. Wote walikuwa wamefika pale baada ya vita, wamekuta kuta tupu, wakaezeka. Ukimhamisha mmoja katika mstari ule, unawahamisha wote.

"Mwenyekiti," akasema Andama taratibu, "mimi naona chai imepoa."

Kikao kikaisha hapo. Uamuzi ulikuwa kwamba kila mtu akae alipo mpaka ukweli upatikane, na mimi nisiseme lolote la umiliki mbele ya wageni. Kwa wengine ulikuwa uamuzi wa kustarehesha. Kwa Hajjat haukuwa. Bati lake lilikuwa limechakaa, linavuja chumba cha ndani, na wanawe walio Juba walikuwa wameahidi bati jipya. Waliposikia kuna neno juu ya nyumba, wakasita. Nani anaezeka nyumba ambayo kesho inaweza kuwa ya mwingine? Mvua ikija, mama yule anasogeza kitanda. Hilo ndilo mlijue mnapomwona anacheka na wageni: anangoja kuambiwa kama yuko kwake.

Nilianza kutafuta. Nilimtafuta fundi Mkongo. Nikaambiwa alirudi kwao, hakuna anayejua kama yu hai. Nilikwenda Koboko kwa shangazi ya Taban, mama mkongwe anayesikia kwa sikio moja. Nilimuuliza kaka yake alikaa nyumba ya ngapi. Akaniambia kwa uhakika wote, "Ile yenye matao." Nilikwenda Dadamu kwa mama aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo ya kupika, kwenye milango ile. Akasema alikuwa akianzia upande ambao mbwa hayupo, na mbwa alikuwa akihama. Niliandika yote. Kila nilichoandika kilikuwa kweli, na hakikunisogeza hata shubiri.

Sikukuu iliyofuata mpwa alikuja na vijana wawili na majembe. Alisema cherehani ni chuma, na chuma kizito. Huenda waliochimba waliacha hata gurudumu. Nilitegemea Hajjat atapiga kelele. Akavuta kitanda mwenyewe.

"Chimba," akasema. "Chimba mpaka Kongo. Lakini utafukia wewe, na utasiriba wewe, na kinyesi ya ng'ombe utatafuta wewe."

Walichimba. Wageni wangu walijipanga dirishani, na simu zote juu. Kilichotoka ni kifuniko kimoja cha sufuria, kimekunjika, kimeliwa na kutu.

"Yangu!" akasema Hajjat.

"Hata mama alikuwa na hiyo," akasema Taban. "Kila mutu alikuwa na hiyo. Duka ilikuwa moja."

Mpwa alisiriba sakafu akiwa amevaa suruali ya Krismasi. Kwa hilo, angalau, mtaa mzima ulikubaliana kuwa haki imetendeka.

Na Taban akaendelea kuja. Kila sikukuu, na baadaye hata pasipo sikukuu, alipanda gari kutoka Koboko, akaketi kwenye baraza lile.

"Karibu, mwizi wa nyumba," Hajjat alimwambia akimmiminia chai.

"Asante, mpangaji wangu. Sukari iko kidogo."

"Sukari iko kwenye nyumba yako. Nenda ukatafute iko wapi."

Ninyi vijana mlikuwa mkinong'onezana kwamba wataoana. Hamjui wazee. Walikuwa watu wawili wenye swali moja, na hakuna mwingine mjini aliyelijali usiku na mchana kama wao.

Nilistaafu miguu iliponikataa kilima. Mwaka huu vibarua wa jiji walikuwa wakichimba mtaro kando ya barabara, mbele ya duka la Andama. Mmoja alipiga sururu ikadunda. Walipofagia udongo, ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu. Niliitwa nikaja kwa boda. Hapakuwa na la kubisha: rangi ile, upana ule. Nyumba ya upande wa barabara ndiyo iliyoanguka. Kwa hiyo ya kati ilikuwa ya kina Taban.

Mpwa alipigiwa simu akiwa Vurra. Hajjat aliingia ndani, na nilipomfuata nikamkuta juu ya kiti, anashusha tabaga ukutani, moja baada ya nyingine, anazipanga kitandani kubwa chini na ndogo juu. Nilimwambia asubiri, Taban mwenyewe hajaja.

"Mimi nimekaa kwa watu," akasema. "Mutu akikaa kwa watu, hangoji kuambiwa toka."

Taban alifika na kumkuta amekaa nje na vifurushi. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nani alikwambia toka? Mimi? Rudisha vitu yako ndani!"

"Nyumba iko yako."

"Basi kama iko yangu, mimi nasema rudisha!"

Hajjat alikubali kurudi ndani kama mgeni. Lakini tabaga hakuzitundika. Mpwa akaanza kupima ua kwa hatua. Wanawe Hajjat wakamwambia kwa simu ahamie Juba. Akajibu kwamba Juba hana jirani hata mmoja wa kutukana.

Halafu mvua kubwa zikaja, na mto Oli ukala ukingo wake nyuma ya madrasa. Maji yaliposhuka, mwalimu wa madrasa alinitumia picha, kisha akanipigia, kwa sababu hakuamini nitaielewa picha. Nilikwenda. Pale ukingoni, nusu ikining'inia juu ya maji, ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu.

Nilihesabu kwa kidole, kama mtoto. Moja mtaroni. Duka la Andama. Nyumba ya Hajjat. Madrasa. Moja ukingoni. Tano.

Nikawaita wote wawili, nikawaeleza pale pale kwenye matope. Kama nyumba zilikuwa tano, ya pili kutoka barabarani ni duka la Andama. Hiyo ndiyo ya Hajjat. Waliporudi kutoka Kongo walihesabu tena kutoka barabarani, bila kujua ya kwanza imeanguka. Ya pili kutoka mtoni ni madrasa. Hiyo ndiyo ya kina Taban. Nyumba ya kati haikuwa ya yeyote kati yao.

"Masajini walikuwa wanne," akasema Taban.

"Wanne," nikasema. "Lakini jina linahesabu masajini. Nyumba halizihesabu."

"Basi nani alikaa kati?"

Tulijaribu. Labda fundi Mkongo alijijengea yake. Labda mpishi wa jeshi. Labda koplo ambaye hakuna aliyejali kumhesabu. Mpwa, nitamsifu kwa hili, hakudai chochote. Alitazama madrasa iliyojaa watoto wanaosoma kwa sauti, akaondoka kuangalia malori yake. Andama alifunga duka mapema na hajazungumza nami tangu siku hiyo.

Hajjat alikuwa amekaa kwenye ngazi za madrasa. Kisha akasema jambo ambalo katika miaka yote ya maswali yangu sikuwahi kumuuliza, kwa sababu mimi niliuliza siku zote kuhusu alichokiona.

"Mimi nilikuwa ndani, sioni mutu. Lakini upande huu ya mto, nyuma ya ukuta, mtoto mchanga alikuwa analia. Usiku, mchana. Mimi nilidhani iko kwenu, Taban."

Taban akatikisa kichwa.

"Kwetu hakuna mtoto mchanga. Mimi ndiyo nilikuwa ya mwisho." Akageuka kuelekea barabarani. "Lakini mama alikuwa anasema, huyu mtoto ya jirani hapana lala. Upande ile. Upande ya kwenu."

Wote wawili wakageuka wakaitazama nyumba ya kati.

Nimeuliza Oli, nimeuliza Koboko, nimetuma watu waulize ng'ambo ya mpaka, Aru na hata Yei. Hakuna anayeijua familia iliyokaa pale, wala njia waliyokimbilia, wala kama walifika. Hajjat bado anaishi humo. Wanawe hawajatuma bati. Mtoto yule, kama yu hai, ni mtu mzima mwenye wajukuu, na huenda amewahi kusimama kati ya wageni wetu, mbele ya matao yale, akinisikiliza nikieleza. Jina lake hatujalipata.